Majembe Bila Wenyewe

Majembe yalifika saa tatu ya asubuhi. Wenyewe hawakufika.

Yaliletwa na mkokoteni wa punda, yamelazwa juu ya magunia matupu, mipini upande mmoja na vichwa upande mwingine, kama vijiko kwenye kabati la mtu msafi. Mzee aliyeongoza punda hakutaka chai. Aliyashusha moja moja akayaegemeza kwenye ua wa michongoma, karibu na lango, mahali ambapo hakuna anayepita asiyaone. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali, akatoa ujumbe kama alivyopewa.

"Mueni amesema hivi. Mwalimu akikosa kuja mwethyani, huwa anatuma kitu. Leo kina mama wamekosa kuja, na wao wametuma kitu."

Halafu akamgeuza punda akaondoka.

Mutanu alibaki amesimama na birika mkononi. Nyuma yake uwanja ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana. Viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani vilikuwa vimepangwa nusu duara chini ya hema, na kila kimoja kilikuwa kimefutwa kwa kitambaa chenye maji. Jikoni sufuria ya muthokoi ilikuwa inatokota, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe yake, na harufu ya vitunguu ilikuwa imefika barabarani. Kila kitu cha mkutano kilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kukutana nao.

Kalondu, mama mkwe wake, alitoka jikoni akijifuta macho kwa sababu ya moshi. Alipita mbele ya yale majembe taratibu, kama mtu anayesalimia watu mlangoni pa kanisa. Lile lililofungwa waya shingoni lilikuwa la Peris. Lile lenye mpini mpya wa mkaratusi, bado mweupe, lilikuwa la mama wa posho mili, mashine ya kusaga unga. Lililolika upande mmoja mpaka likafanana na sikio la mbuzi lilikuwa la Mueni mwenyewe, mwenyekiti wao.

"Wametuma yote," alisema Kalondu. "Hata la Ndeti, na Ndeti ako na mguu mbaya, hangekuja kulima."

Akarudi jikoni kupunguza moto.

Sasa kilichokuwa kinamsumbua Mutanu si aibu peke yake. Pale chuoni Machakos, kila anayesomea shahada ya uzamivu, awe anasoma udongo, mifugo, sheria au nyota za mbinguni, ni lazima apite kozi moja ya pamoja. Wanafunzi wanachanganywa kwa kura, wa fani hii na wa fani ile, wanapewa tatizo moja la watu wa kweli walichunguze pamoja. Wakimaliza hawaruhusiwi kupeleka karatasi kwa profesa na kwenda zao. Ni lazima warudi kwa wale watu, wawasomee walichokiona, watu wasikilize na waulize, na profesa awe ameketi hapo anashuhudia. Watu wasipokuja, kozi hujapita. Kozi usipopita, huandiki tasnifu yako, hata kama umejaza kabati zima chupa za udongo.

Kalondu aliiita kozi ya kuwafungia mbuzi na kondoo zizi moja halafu uwaulize nani amekula majani. Mutanu alikuwa akicheka akisikia hivyo. Mwaka uliopita hakucheka, maana kundi lake liligombana katikati ya muhula, wa sheria akasema hawezi kufundishwa na wa kilimo, na wote wakaanguka. Hii ilikuwa mara yake ya pili na ya mwisho. Ruhusa aliyopewa na shule ya upili anakofundisha kemia ilikuwa inaisha Desemba, na hii ilikuwa Novemba, mvua imepumzika kidogo, mahindi yamefika magotini.

*

Wenzake wawili wa kundi walikuja na pikapu ya baba yake Khadar, ile ya kubebea mbuzi kutoka soko la Kithimani, imeoshwa lakini harufu haikukubali kutoka. Tatizo walilopewa lilikuwa mitaro ya kilima hiki, kwa nini mingine inabomoka: Mutanu aliangalia udongo, na Khadar, anayesomea magonjwa ya mifugo, aliangalia ng'ombe. Lenny alikuwa wa kompyuta, kijana mwembamba wa Syokimau aliyechora ramani ya kilima chote kwa kamera inayoruka, na ambaye alikuwa hajawahi kushika jembe isipokuwa kulisogeza apite.

"Niaje, mwalimu," alisema Lenny, kisha akaona ua. "Hizi ni za nini?"

Mutanu aliwaeleza. Aliwaeleza kwa ufupi, kwa sababu sehemu nyingine hakutaka kuisikia ikitoka mdomoni mwake.

Mwethya, aliwaambia, ni kikundi cha kazi. Leo mnachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na hakuna anayemlipa mwenzake. Kila mtu anapimiwa kipande chake kwa kamba. Mutanu alikuwa mwanachama tangu aolewe. Lakini mwezi wa tisa, kikundi kilipokuwa kinachimba kwa Mueni, masomo ya kozi yalikuwa Jumamosi, na mwethya ulikuwa Jumamosi. Akaona atumie akili. Akamtafuta kibarua, kijana mwenye nguvu kutoka upande wa Kangundo, akampa jembe na hela yake, akamtuma achimbe kipande chake.

Kina mama hawakumfukuza yule kijana. Walimpa chakula, wakamwita mwanangu, wakamwacha achimbe. Mutanu alifikiri mambo yameisha vizuri. Hakujua kwamba kwa mwethya unaweza kukosa na ukasamehewa, unaweza kuugua, unaweza hata kumtuma mkweo mzee akae tu akisimulia hadithi, lakini hutumi mtu wa kulipwa. Ukituma wa kulipwa umewaambia wenzako kwamba jasho lao unalijua bei.

"Sasa hiyo ni rahisi," alisema Khadar. Alikuwa mtu wa sokoni, hata kama alikuwa amevaa koti. "Tuwapigie simu. Tuseme kuna posho ya kikao. Kila mama apate kitu kidogo cha usafiri. Baba yangu akiona wauzaji wamenuna, anafanya hivyo, na wanakuja."

"Usafiri kutoka wapi, Khadar? Wanakaa hapo ng'ambo ya mto."

"Basi ya sabuni."

"Hapana."

"Mwalimu, mimi pia naanguka ukianguka. Na huyu. Tulisaini pamoja."

"Najua. Lakini nilishawahi kuwapelekea hela badala yangu. Ndiyo hayo unayaona kwenye ua."

Khadar alitazama majembe. Lenny alikuwa tayari anahesabu viti kwa macho.

*

Profesa Mwangangi alifika saa nne kamili, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, pamoja na karani wake msichana aliyebeba faili. Musili, mume wa Mutanu, ambaye siku hiyo alikuwa amefunga duka lake la vifaa vya bomba ili asaidie kukaribisha wageni, alimkaribisha kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Akamwonyesha kiti cha mbele. Profesa aliketi. Karani aliketi nyuma yake. Viti vingine vyote vilibaki vinatazamana.

Majirani walikuwa wanapita barabarani, wengine mara mbili, maana si kila siku mtu anaona profesa akinywa chai mbele ya viti vitupu. Mmoja alisimama kabisa akauliza kama ni matanga. Musili akamwambia si matanga, ni mkutano. Yule akasema, aa, akaendelea na safari, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Profesa alingoja. Alikunywa chai yote, akala andazi moja, akaangalia saa, akamwita Mutanu pembeni ya hema. Hakuwa mtu mbaya.

"Mutanu, mimi sina furaha kumwangusha mtu mara mbili. Lakini siwezi kuandika kwamba watu walisikiliza na hakuna watu. Niko hapa mpaka saa nane. Baada ya hapo naenda Kyumbi, kuna kundi lingine linaningoja."

"Nimeelewa, Profesa."

"Mliwapa ile ripoti fupi mapema, kama tulivyosema?"

"Tuliwapa wiki iliyopita. Kwa Kiswahili."

"Na walisema nini?"

Mutanu alikuwa ameipeleka tu. Hakuwa amewauliza.

Alikwenda jikoni kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kalondu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakoroga.

"Mwaitu," alisema Mutanu, maana ndivyo mama anavyoitwa kule, "ile hasira ni ya kibarua peke yake? Ni tangu mwezi wa tisa. Mbona wangoje hadi leo?"

Kalondu aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Ya kibarua walikuwa wameimeza, Mutanu. Wanajua unasoma. Shida ni ile karatasi yenu. Mtoto wa Mueni aliwasomea watu, mimi nikiwa hapo. Ukurasa wa sita. Mmeandika mtaro wa Mueni ulibomoka kwa sababu udongo wake hauna nguvu."

"Nilipima. Nilichukua udongo hapo hapo ulipobomokea."

"Mtu aliyetaka kukodi lile shamba la Mueni la chini amesikia. Ameenda kukodi kwingine. Amesema hawezi kulima shamba ambalo chuo kimelikataa."

Mutanu aliegemea mlango.

"Na hapo ulipobomokea," Kalondu aliendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka, "unajua ni kipande cha nani?"

"Cha mtu wa kikundi. Sijui yupi."

"Ni chako."

Muthokoi ilitokota. Nje Musili alikuwa anamweleza profesa habari ya bei ya mabomba.

"Ungeniambia, mwaitu."

"Umepita hapa wiki nzima na chupa zako. Uliniuliza kama mvua ilikuwa kubwa. Uliniuliza mtaro ulichimbwa tarehe ngapi. Hukuuliza ulichimbwa na nani." Alifunika sufuria. "Nikafikiri labda huko chuoni hiyo haihesabiwi."

Mutanu hakulia. Alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya kozi hii, lenye mikono mipana, na viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Alivua viatu, akavipanga chini ya meza. Akavaa gambuti za mumewe, akafunga leso kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuchukua jembe lake mwenyewe kwenye banda la kuku.

"Hayo ya langoni usiguse," Kalondu alimwambia kutoka ndani. "Si yako."

"Sigusi."

*

Mueni alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake anapukuchua mbaazi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye shingo iliyozoea kubeba maji. Alimwona Mutanu akishuka na jembe begani na gauni la sherehe, na nyuma yake Khadar na Lenny wakiteleza kwenye majani, na nyuma yao tena profesa akimshika karani mkono. Hakuacha kupukuchua.

Mutanu alimsalimia kama anavyosalimiwa mama. Mueni akaitikia, maana salamu hainyimwi mtu.

"Leo si siku ya mkutano wako?"

"Ni leo."

"Na wageni wako unawaleta huku matopeni?"

"Wamenifuata tu. Nimekuja kuchimba kipande changu."

"Kipande chako kilichimbwa. Kijana wako alikula hapa akashiba."

"Kilibomoka."

"Nasikia ni udongo." Mueni alitupa ganda. "Udongo wangu hauna nguvu, nasikia."

"Niruhusu nichimbe, mwaitu. Kisha nitasema kilicho huko chini."

"Kipande chako hakiombewi ruhusa," alisema Mueni. "Kiko hapo tangu mwezi wa tisa."

Palikuwa pamebomoka vibaya. Mitaro ya kule huchimbwa kwa kurusha udongo upande wa juu, unapangwa ukingo, unashindiliwa kwa miguu, unapandwa nyasi. Kulia na kushoto ukingo ulikuwa umesimama imara, nyasi zimeanza kushika. Katikati palikuwa na pengo ambalo ng'ombe angepita bila kugusa pembe, na chini ya pengo maji yalikuwa yamechora mfereji mpaka kwenye mahindi, yakalaza mistari mizima.

Mutanu alianza. Mikono ilikuwa imesahau kidogo. Jembe la kwanza lilipiga jiwe, la pili likateleza, kuanzia la tatu mwili ulikumbuka. Alikata kilichobaki cha ukingo wa zamani ili aujenge upya kutoka chini, na alipofika kiasi cha goti jembe lilizama ghafla, laini, kama limeingia kwenye godoro. Akainama. Akavuta kwa mkono. Yalitoka mabua ya mahindi, meusi, yameoza, shada baada ya shada. Kijana wa kulipwa alikuwa amejaza mabua, akayafunika udongo juu, akapigapiga na nyuma ya jembe ili ukingo uonekane. Akachukua hela yake akaenda.

Khadar alikuwa ameshakunja suruali na kuvua koti, anashuka mtaroni.

"Wewe kijana, rudi," alisema Mueni kutoka juu.

"Mama, mimi ni wa kundi lake."

"La chuo. Hili ni la hapa. Kaa."

Khadar akakaa kwenye jiwe, akashikilia koti lake magotini kama mtoto aliyechelewa shule.

Habari kule kilimani haihitaji simu. Peris alitokea kwanza, eti anatafuta mbuzi. Kisha wengine wawili wakaja na ndoo tupu. Ndeti alikuja na mguu wake, akisimama kila baada ya hatua chache kuulaani. Hawakusalimiana na Mutanu. Walipanga mstari juu ya mtaro, mikono kifuani, wanatazama gauni la kitenge likipata matope.

"Tungekusaidia, mwalimu," alisema Peris. "Lakini majembe yetu yote yako kwako."

Walicheka wote. Mutanu naye alicheka, bila kusimama, na jasho likamwingia jichoni. Alipoona hakuna mwingine wa kuongezeka, alisimama wima mtaroni. Kichwa chake kilikuwa usawa wa miguu yao. Akainua shada la mabua.

"Kina mama, karatasi tuliyowapa ilisema uongo. Ukurasa wa sita. Niliandika kwamba udongo wa Mueni hauna nguvu. Udongo huu hauna kosa. Hiki kipande kilikuwa changu, nikatuma mtu wa kulipwa, akajaza hiki. Sikuja kukiangalia. Halafu nikaja na chupa nikapima udongo, nikalaumu udongo. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Ninayo mengine ya kuwaambia, na hawa wenzangu wanayo yao, mkikubali kusikia. Msipokubali, mimi nitamaliza kipande changu na hatutawasumbua tena."

Ndeti alitafuta mahali pa kukalia, akakuta pako chini, akaketi na kunyoosha mguu wake mbaya.

"Hebu tusikie," alisema. "Mimi nimeshafika, na kurudi ni mbali."

Wengine wakaketi. Mueni hakuketi, lakini alisogea mahali ambapo angesikia.

Kwa hiyo mkutano ulifanyika hapo. Khadar alisimama juu ya jiwe lake akaeleza jinsi ng'ombe wanaovushwa kwenda mtoni wanavyokanyaga kingo, na aliulizwa maswali mpaka shingo ikalowa: wavushwe wapi basi, kwa nani, na mwenye hiyo njia akikataa je. Alisema hajui. Peris akamwambia ameanza vizuri. Lenny alipitisha ramani kwenye simu yake, na kila mama alitaka kwanza kuona paa la nyumba yake, kisha ndiyo mitaro. Zamu ya udongo ilipofika, Mutanu aliieleza akiwa chini, kati ya jembe na jembe, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kutumia marefu. Profesa alikuwa amesimama kando, viatu vyake vimekwisha. Karani alikuwa anaandika haraka, faili limeegemea kiuno.

Saa nane ilipita, na profesa hakuangalia saa. Mwishowe alishuka karibu na mtaro, akainama.

"Watu wamesikiliza, na nitaandika hivyo," alisema. "Ile ripoti siwezi kuipokea. Muiandike upya sehemu yote ya kubomoka, mniletee kabla ya muhula kufungwa. Nikiridhika mtapita. Nisiporidhika, nitasema pia."

"Utaipata Ijumaa," alisema Mutanu.

"Sikusema Ijumaa."

"Mimi nimesema."

Khadar alimtazama Lenny. Lenny aliinua mabega.

Kina mama walianza kunyanyuka, wakipangusa sketi, wakiongea habari ya majembe na nani ataanza kwenda kuchukua, na kama ile muthokoi iliyosikika hadi barabarani ilikuwa bado iko. Mutanu alisema iko, na mwaitu anawangoja. Waliondoka wakiongozana. Mueni peke yake alibaki.

"Yule mtu wa kukodi shamba," alisema.

"Nitaenda kwake kesho baada ya kanisa. Nitamwambia mwenyewe, na nitakwenda na mabua."

Mueni alikubali kwa kichwa, kidogo sana.

"Na hiyo karatasi mpya. Mtaandika nani alibomoa?"

Profesa, aliyekuwa anajaribu kupanda kilima bila kuanguka, alisimama akasema kwamba kwa kawaida ya utafiti majina hayaandikwi, huandikwa mshiriki mmoja wa kikundi.

"Mimi nimemuuliza mwalimu," alisema Mueni.

"Nitaandika ni mimi," alisema Mutanu. "Jina langu lote."

Mueni alishuka, akaweka mguu kwenye ukingo mpya, akaukanyaga kwa kisigino. Ulishika. Akatembea hatua chache mpaka pembeni, pale kipande cha Mutanu kinapokutana na cha Ndeti, akakanyaga tena. Hapo mguu ulizama.

"Hapa bado," alisema. "Toa yote, uanze chini."

Mutanu alitemea viganja mate, akayatoa mabua yote.